Mzabibu wa Umoja Umezaa

Umezaa! Mzabibu wangu hapa mtaani Umoja umezaa, vichala vimening'inia ukutani kama hereni za bibi harusi! Sasa ndiyo nikusalimie, mjukuu wangu Wafula, mume wangu mdogo. Sisi wazima. Mama yako ameongeza chumba cha nyuma, nyumba inapendeza, na akili hiyo aliirithi kwangu.

Umeuliza kama uache chuo cha divai urudi, kwa sababu wenzako huko Afrika Kusini wanakucheka. Eti divai ni ya Ufaransa, Italia na Uhispania, Mkenya anatafuta nini darasani?

Nilipokuwa msichana nilimpikia Mwitaliano mmoja kule Naivasha. Mzabibu wake ulikuwa majani matupu, majirani wakimcheka. Siku moja akachukua mkasi, akaukata ukabaki kisiki, bila jani hata moja. Nikalia, "Mzee, umeua!"

Akasema, "Kwetu Italia baridi ndiyo huuvua majani, ukapumzika, ukazaa. Hapa hakuna baridi hiyo, basi nitafanya mwenyewe."

Msimu huo nilikula zabibu mpaka tumbo likauma.

Wangu niliukata Agosti. Jirani yetu, Mama Otieno, akaita watu: "Njooni muone, Kukhu amechanganyikiwa!" Sasa kila asubuhi anakuja kuniamkia, macho yakiwa ukutani.

Huku kwetu pia mizabibu inazaa, Wafula. Fanya mtihani wako. Vichala nimevivisha soksi kuukuu za babu yako, ndege wasiguse, na hakuna atakayechuma kabla yako. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, wewe na ndugu zako wote muwe hapa.

Kukhu wako