Grili ya Chumba cha Watoto

Baba Araba,

Kenkey iko kwenye sufuria, samaki nimewafunika kwa sahani. Nawapeleka watoto kwa mama yangu, Takoradi. ~~Haturudi.~~ Tutarudi Jumapili, kama grili ya dirisha la chumba chao itakuwa imekatwa.

Asubuhi mkaguzi wa manispaa alikwambia kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, watu watoke moto ukiwaka. Ukamfungulia ile grili huku ukichekacheka kama bwana harusi, akasaini kwamba nyumba iko tayari. Gari lake halijafika hata barabarani, ukamtoa fundi Baidoo nyuma ya jiko na mashine yake, akaichomelea isifunguke tena. Eti wezi.

Nimemwambia Baidoo arudi saa tisa na msumeno wa chuma. Mfungulie geti, usimletee maneno. Na uanue nguo, mvua inakuja.

Nikiwa namvisha viatu, Araba ameniuliza: “Mama, moto ukiwaka, tumpigie simu mkaguzi aje, ndipo baba atufungulie?”

Nimemwambia akuulize wewe.

Mama Araba