Hina Mbichi

Kaole, Jumatano

Yule yule tena. Mwenyekiti wetu wa kitongoji karudi kitini, na mimi niliyegombea naye nimeanguka. Wala si watu wake walioniangusha. Ni wangu, walioniahidi kura halafu wasitokee kituoni.

Jioni kaja mdogo wangu Mwanahawa, mikono yote hina ya harusi ya kesho.

“Mbona sikukuona kituoni?”

“Dada, hina ilikuwa mbichi. Kalamu ningeishikaje?”

Nikampakulia chakula. Akala wali wangu kwa mkono ule ule, kisha akasonya: “Bomba kavu mwaka mzima, na mzee huyu wamemrudisha! Watu wa hapa wana nini?”

Hawana kitu, mdogo wangu. Yeye kashinda uchaguzi, nyie mmeshinda nyumbani.