Sleji ya Baba

Vassdal, Minnesota
2 Februari 1996

Mdogo wangu Milo,

Salamu. Natumai wewe na Joanne hamjambo huko Duluth, na kwamba kifua chake kimepona. Mama alitufundisha kuanza barua kwa salamu, ndiyo maana nimezitoa. Sasa zimekwisha.

Jana baba alikatwa vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Ningekwambia kwa simu, lakini ukisikia sauti yangu unakata. Kwa hiyo soma.

Tarehe kumi na moja Januari alikwenda ziwani kuvua. Kwa kuwa wewe ulikuja Krismasi, na siku ya kuondoka, tukiwa kanisani, ukapakia pikipiki yake ya theluji kwenye gari lako na kuondoka kama mwizi, alivuta sleji yake isiyo na magurudumu kwa miguu, ikiteleza nyuma yake. Ana miaka sabini na tisa, Milo! Kibanda cha turubai, keekee ya kutobolea barafu, jiko la gesi, ndoo, kiti, vyote juu ya sleji, na kamba kiunoni kama punda. Wewe umewahi kuivuta sleji ile kwenye theluji laini?

Saa kumi alasiri upepo ukachafuka. Engebret, jirani, alimkuta mbali kabisa na nchi kavu, bado anavuta, anaelekea katikati ya ziwa. Buti moja limejaa maji.

Engebret akamuuliza, "Orville, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Unafikiri wapi?"

"Nyumbani kuko nyuma yako, mzee."

"Basi wamepahamisha."

Engebret anasimulia haya dukani na watu wanacheka. Mimi sicheki. Umemnyang'anya baba miguu ya chuma, sasa baridi imemla miguu ya nyama. Ukipata haya, andika.

Dada yako,
Ardis


Duluth
7 Februari 1996

Dada Ardis,

Shikamoo. Joanne anakohoa bado, ahsante kwa kuuliza. Mpe baba pole yangu, na umsomee sehemu hii tu.

Zilizobaki ni zako. Mimi niko mwendo wa saa nne kutoka hapo. Wewe unalala chumba cha pili. Nani alimwona akitoka siku ile? Nani alimjazia chupa ya kahawa? Usinitupie mimi vidole vya baba!

Unaniita mwizi. Haya, sikiliza. Machi mwaka jana, nilipokuja kuvua naye, alitangulia na ile pikipiki kupeleka kibanda. Nilifuata alama zake kwa miguu. Zilipita mahali petu pa kuvulia, zikaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mto, mahali ambapo hata mtoto wa Vassdal anajua barafu haishiki. Nikamkuta amesimama ukingoni, sehemu ya mbele ya pikipiki iko majini, sleji iliyofungwa nyuma imeizuia isizame. Akaniambia, "Nilidhani huku ndiko kwenye taa za nyumba." Ilikuwa mchana, Ardis. Hakukuwa na taa.

Tulivuta ile pikipiki hadi mikono ikatoka damu. Kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata tulipomzika mama. Akaniapisha nisimwambie mtu, na wewe hasa. Nikaapa. Desemba nikaona nitafute njia ya kumzuia bila kuvunja kiapo. Sikujua kama angevuta kwa kiuno.

Sasa nimevunja. Furahi.

Mdogo wako,
Milo


Vassdal
10 Februari 1996

Milo,

Sina salamu leo.

Miezi kumi na moja! Miezi kumi na moja umekaa na jambo hilo tumboni, unakuja Krismasi unakula samaki wangu, unamtazama baba usoni, unanitazama mimi, unasema "Naomba viazi." Mimi nilidhani anasahau funguo tu kama wazee wote.

Umeuliza nani alimwona akitoka. Mimi. Nilimfungia mzigo kwa mikono yangu. Kamba ya turubai ilikuwa imeganda, akashindwa kupiga fundo, nikamfokea kwamba ananichelewesha kazini, nikalipiga mwenyewe. Kisha nikamkazia kamba ya sleji kiunoni. Nikamwambia, "Haya, nenda." Ungenifungua macho kwa neno moja tu, ningekaa nyumbani siku ile.

Usiniandikie tena.

Ardis


Vassdal
17 Machi 1996

Mdogo wangu Milo,

Hujambo? Joanne hajambo? Nilikwambia usiandike, nawe kwa mara ya kwanza maishani umenitii. Wiki tano. Hata hilo limeniudhi.

Baba ametoka hospitali. Anatembea kwa fimbo na anatukana kila kizingiti. Tangu arudi hajaacha kuulizia barafu. Jana nikachoka. Nikafunga mzigo, nikamkalisha juu yake amefunikwa mablanketi, nikajivika kamba, nikavuta.

Milo, nilidhani nitakufa. Hatua hamsini, napumzika. Hatua thelathini, napumzika. Naye nyuma yangu anaelekeza: "Kushoto kidogo. Farasi gani huyu?" Watu kwenye vibanda vyao wakatoka kutuchungulia.

Tulipofika, nikasimamisha kibanda, nikatoboa barafu, tukakaa na nyuzi zetu. Hapo nikamgombeza. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza, sikuweza. Nikamwambia najua habari ya mto. Nikamuuliza kwa nini alikuapisha wewe na kunificha mimi ninayemfulia soksi. Nilipiga kelele nadhani hata Engebret alisikia.

Samaki akala, akamvuta, akamwangalia, akamtupa kwenye ndoo. Kisha akasema, "Ningekwambia wewe, ungenifungia ndani."

Nilitaka kukataa. Lakini ni kweli. Ningemfungia, na ningejiona binti mwema.

"Milo naye nilimtwika mzigo," akasema. "Alikuwa karibu tu. Angekuwa Engebret, ningemwapisha Engebret."

Tulipata samaki sita. Kurudi, mwanga ukiwa unapungua, akaniuliza taratibu, "Nyumba iko upande upi, mwanangu?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akasema ahsante. Nilivuta njia nzima nikiwa na hasira, na sijui tena ni kwa nani.

Barafu itatushika wiki mbili hivi. Anataka kwenda kila Jumamosi. Mgongo wangu umekwisha.

Dada yako,
Ardis


Duluth
20 Machi 1996

Dada Ardis,

Shikamoo. Kifua cha Joanne kimepona, anakusalimu wewe na mzee.

Bado nimekukasirikia. Umeniita mwizi na hujafuta. Tutagombana, na tutagombana huko huko barafuni ili baba naye apate nafasi ya kututukana.

Ijumaa nitafika mapema. Pikipiki siji nayo. Niachie mimi kuvuta. Wewe tembea mbele, utuonyeshe njia.

Mdogo wako,
Milo