Ng'ombe Kwenye Kundi la Chuo

Garsen

Dada Loice,

Natangaza rasmi, na kama umekaa simama kwanza: kakako, yule wa kuwasha redio kwa kuipiga kofi, sasa ni admini wa kundi la WhatsApp la darasa langu la kilimo. Usicheke. Nyanya zangu zimeshika, na goti limepoa.

Kundi lenyewe limenichosha. Nauliza swali la mbolea, naletewa vikatuni. Nikinyamaza, wananiuliza, "Mwalimu, umelala?"

Wiki jana niliwaambia watume picha za mashamba ya kwao. Buya wa Idsowe akatuma ng'ombe wa kina Huka, mwanafunzi mwenzake, wakiwa ndani ya shamba la mamake. Chini akaandika: "Tumeshavuna. Mabua yao, samadi yetu." Ndivyo Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji wa kwao wanavyopatana kila mavuno. Nikafurahi, picha ikafika kundi la chuo kizima.

Kufikia saa ya chai watu walikuwa wakitukanana. "Wafugaji wameanza tena kuvamia mashamba!" Huka akafunga begi lake.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia.

"Nikae na nani, Mwalimu?"

Hajarudi.

Kesho Buya ananipeleka kwa babake Huka. Nitamweleza kama nikuelezavyo wewe: vijana niliowakaripia kwa matusi yale nimewalaumu bure. Picha niliisambaza mimi, ili wakubwa waone kazi yangu, na maneno ya Buya niliyaacha nyuma. Niliona ng'ombe peke yao wanatosha.

Kakako asiyejua simu,
Komora