Niambie Papa Alikufa kwa Ugonjwa Gani

Mabanga, Goma
Tarehe 9 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Evariste,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini Kampala inakutunza, na kwamba mke wako Héritière amepona mguu. Sisi tunaamka, tunashukuru. Mama ana nguvu ya kutosha kunigombeza kila asubuhi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Nimekupigia simu mara nne, hukupokea. Basi naandika, na huenda ni afadhali, maana nyumba yetu unaijua: ukinong'ona jikoni, Mama anaitikia chumbani. Barua anakuletea Masika, jirani yetu muuza vitenge. Isome ukiwa peke yako.

Ni habari ya mdogo wetu Jolie. Vile vidonda vya utumbo mpana vilikuwa vinammaliza. Alikwenda chooni mara kumi kwa siku, na kila mara damu. Mwezi wa saba tukasikia kwamba kliniki moja ya Himbi inajaribu dawa mpya ya sindano kwa wagonjwa kama yeye.

Usidhani wanampokea kila anayebisha hodi. Lazima uwe umetimiza miaka kumi na minane, kamera iwe imeviona vidonda vyenyewe, na vidonge vya kawaida viwe vimeshindwa. Mwenye mimba hapana, mwenye amiba hapana, aliyekatwa utumbo hapana. Jolie alipita kote huko. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Likabaki swali la kifua kikuu. Picha ya mapafu ilitoka safi, na kipimo cha damu pia. Lakini daktari alisema dawa hii inapunguza kinga ya mwili, na ugonjwa uliolala kifuani vipimo huweza kuukosa, ndiyo maana wanauliza. Akanitazama mimi dada mkubwa: "Mama, kwenu kuko mutu aliwahi kugonjwa kifua kikuu?"

Nikasema hapana. Sikudanganya, kaka. Papa alikohoa miezi mitano, akakonda, akafa, na sisi wote tulijua ni karuho, sumu aliyotiliwa kwenye pombe ya harusi kule Masisi. Hata mganga wa karuho alimtapisha, unakumbuka. Tangu hapo Baba mdogo Barthélemy, aliyemmiminia pombe ile, hatii mguu kwetu. Daktari hakuuliza habari za sumu, kwa hiyo Papa sikumtaja kabisa.

Jolie alichomwa sindano ya kwanza wiki tatu zilizopita. Damu imepungua, anakula ugali na sombe, ananitania tena. Na tangu Jumapili anakohoa. Anaziba mdomo kwa kitenge ili Mama asisikie, na asubuhi shuka lake nalikuta limeloa jasho. Nilipomwambia turudi kliniki, akanishika mkono: "Dada, usiseme kitu. Watanitoa mule, na mimi niko nasikia muzuri."

Ndipo nilipoikumbuka siku Papa aliporuhusiwa kutoka hospitali. Wewe ndiwe uliyeingia kwa daktari. Ulitoka na bahasha, ukaitia ndani ya koti, ukatuambia hawakuona kitu. Mama akasema basi ni karuho, nawe hukubisha. Wakati huo Jolie alikuwa karibu kuposwa, na tunajua watu wanavyoikimbia nyumba yenye kifua kikuu. Ninaogopa sana. Jolie ndiye aliyelala chumba kimoja na Papa miezi yote ile, akimnywesha maji.

Sindano ya pili ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 17. Niambie bahasha ile iliandikwa nini. Ukinyamaza, siku hiyo asubuhi nitamwambia daktari kwamba Papa alikufa kwa kifua kikuu, na kwamba wewe ulijua. Watamtoa Jolie kwenye utafiti, damu itarudi, naye hatanisamehe. Na kama nimekosea, dhambi hiyo ni yangu. Lakini kama sikukosea, utaniambia tulimfukuza ndugu wa baba yetu kwa kosa gani.

Msalimie Héritière na mtoto wenu Lionel. Mama anakusalimu sana, hajui nimeandika nini. Anasema wewe ndiye mwanawe asiyemficha kitu.

Mungu akulinde, na akufungue kinywa kabla ya Alhamisi.

Mimi dada yako ninayekupenda bado,
Valérie