Maziwa ya Mama Zaina

Uvira, Nyamianda

Yaya Rakeli,

Joto la huku chini ziwani lingekushinda, dada yangu. Kidonda cha koo kimefunga. Muganga wa hospitali aliyenipasua anasema kilichobaki ni woga tu. Mbona basi kila ninachomeza kinanikaba, nakohoa mpaka machozi?

Mama Zaina, mwenye nyumba, ananiletea maziwa kila asubuhi. Anaonja kwanza mbele yangu, kama kwetu mlimani Bijombo, nione hakuna sumu. Lakini miye namwangalia koo: amemeza kweli? Tangu maasi yaanze, hapa kila muntu anamchungulia mwenzake.

Leo nilipopaliwa tena nikamwuliza, "Umetia nini humu?" Alininyang'anya kikombe, akanywa yote, akaketi.

"Haya, tukae tuone kama nitakufa."

Tulikaa. Hakufa. Nikabaki na njaa na aibu, nikamwomba radhi. Nilimwamini mpaka jua la mchana tu.

Nisalimie watoto na ng'ombe. Hakuna ninayemwamini kama weye, Yaya. Nikirudi unikamulie maziwa kwa mikono yako, ila uonje kwanza, pole pole, nikuone koo.

Mdogo wako, Ester