Mikono ya Kaku, Bila Sura Yake

Jumamosi. Jua kali, na vumbi jekundu limeingia mpaka katikati ya kurasa za daftari.

Leo asubuhi tumemzika Kaku, mama yake Papa. Ndiye aliyenilea wakati Mama akiuza sokoni.

Bado sijalia vizuri. Kuna kitu sijamwambia mtu. Nakiandika hapa kwa sababu kukisema siwezi.

Juzi Papa alikuja chumbani kwangu. "Wewe ndio mupiga-foto ya nyumba," alisema. "Nipe foto moja ya mama yangu, tuweke pa kilio."

Tukakaa kitandani, tukazipitia picha zote za Kaku kwenye simu yangu. Mikono ya Kaku ikipepeta unga wa mahindi. Kisigino chake kilichopasuka. Kaku mlangoni, jua nyuma yake, mwili wote mweusi kama kivuli.

Hakukuwa na hata moja yenye uso.

Nilikuwa nimesoma kwamba picha nzuri huficha kitu. Nikaamini, kama ninavyoamini kila kitu kilichochapishwa. Kaku akiona simu alisema, "Ngoja kwanza, mutoto, nivale kikwembe yangu ya muzuri." Nami nilimkataza. Nilimwomba abaki vilevile, asitazame huku. Kusimama wima na nguo za kanisani niliona ni mambo ya kizamani.

"Sasa unanikata kichwa?" alicheka siku moja. "Batu batajua namna gani kama ni mi?"

Nilicheka naye. Kisha nikapiga picha ya mikono yake tena.

Papa hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua kadi ya uchaguzi ya Kaku, akaipeleka studio, wakaikuza ile picha ndogo. Pale kwenye kiti, kando ya jeneza, Kaku alikuwa wa kijivu, macho yamefifia, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Nilimsikia jirani akinong'ona, "Ni yeye kweli?"

Kikwembe chenyewe, kitenge cha maua ya njano, shangazi walikikuta juu ya sanduku lake la nguo, kimepigwa pasi na kukunjwa. Alikuwa anangoja tu nikubali.

Ndicho walichomvalisha. Alipendeza sana. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na sikuitoa.

Kesho, Mama akirudi kutoka kanisani, nitamwomba asivue nguo zake. Asimame mlangoni, jua limwangaze usoni, anitazame. Atapanga kitambaa chake kichwani apendavyo.

Nitangoja mpaka aseme yuko tayari.